Rubani ameona na kamera imerekodi: kasi inapimwaje?

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Mimi ni askari mstaafu, miaka mingi nilikuwa upande wa ulinzi wa anga. Mwanangu amenionyesha ile video ya ndege ya kivita ya Marekani inayoitwa GOFAST. Kitu cheupe kinapita juu ya bahari kama risasi, na waliomo ndani ya ndege wanapiga kelele kwa mshangao. Halafu kijana ananiambia wataalamu wamepiga hesabu wakakuta kitu kile kilikwenda taratibu kuliko basi la Dodoma. Nimeshindwa kukubali. Rubani wa ndege kama ile si mtoto, na kamera yake si ya simu. Naomba unieleze kitaalamu: taarifa ya askari aliyeona kitu angani inachunguzwaje, na hesabu hiyo imetoka wapi? Na mtu wa kwetu akiona jambo la namna hiyo aandike nini? — Mstaafu, Morogoro

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Swali lako limenifurahisha, kwa sababu umeuliza hesabu imetoka wapi badala ya kuuliza nani wa kuaminiwa.

Rubani hakudanganya, na mchunguzi makini haanzi kazi kwa kumtilia shaka shahidi. Lakini yako mambo ambayo jicho linayajua na mengine ambayo haliyawezi. Rubani atakwambia kitu kilikuwa upande gani, kilikuwa na rangi gani, kilipita mbele ya wingu au nyuma yake. Hapo mwamini. Asichoweza, hata awe na uzoefu wa miaka ishirini, ni kukadiria umbali wa kitu asichokijua ukubwa wake, kikiwa peke yake katika anga tupu. Kitu cha upana wa mita moja kilicho kilomita moja kutoka kwako, na kingine cha mita kumi kilicho kilomita kumi, vyote machoni ni sawa kabisa. Umbali ukikosewa, ukubwa umekosewa na kasi nayo imekosewa. Kwa hiyo jalada la tukio linapofunguliwa, jambo la kwanza kutafutwa ni umbali. Maswali ya kilikuwa nini na kilitoka wapi yanasubiri.

Sasa turudi kwenye video yako. Ilirekodiwa Januari 2015 nje ya pwani ya mashariki ya Marekani, na ndege aina ya F/A-18F ya kikosi cha manowari ya kubebea ndege USS Theodore Roosevelt. Wizara ya Ulinzi iliitoa rasmi tarehe 27 Aprili 2020 pamoja na nyingine mbili, ingawa zilikuwa zimeshazagaa kabla ya hapo. Kamera yake inaitwa ATFLIR. Ni kamera ya joto inayofungwa chini ya ndege na inaweza kugeuka na kufuata shabaha yenyewe. Uzuri wake ni kwamba pembeni mwa picha inaandika namba, na watu wengi hutazama kile kitu cheupe wakaziacha namba. Uzisome.

Ndege iko futi 25,000, yaani mita 7,620 hivi. Kamera inapokamata shabaha, inaonyesha kwamba imeinama digrii 26 chini ya usawa wa ndege, na umbali hadi kwenye kitu ni maili za baharini 4.4, kama mita 8,150. Hapo mzee una pembetatu yenye pembe mraba, hesabu ya kidato cha pili. Mita 8,150 kwa pembe ya digrii 26 zinakushusha mita 3,570 tu. Toa kwenye 7,620, unabaki na mita 4,050 juu ya bahari. Kitu kile hakikuwa kinaparaza mawimbi hata kidogo. Kilikuwa futi elfu kumi na tatu na kitu, chini kidogo ya kilele cha Mlima Meru. Ukitaka kuhakiki, nenda mwisho wa video: pembe imefika digrii 35 na umbali umepungua hadi kama maili 3.4. Rudia hesabu, unarudi kwenye futi elfu kumi na tatu zile zile. Namba za nyakati mbili tofauti zikikubaliana namna hiyo, mimi naziamini.

Basi ile mbio imetoka wapi? Imetoka kwenye ndege yenyewe. Ilikuwa inakwenda karibu mita 190 kila sekunde. Ukiwa ndani ya basi ukakaza macho kwenye mti ulio katikati ya shamba, Milima ya Uluguru nyuma yake inaonekana kukimbia, na ukidhani mti uko mlimani utaapa kwamba mti ndio unaokimbia. Kamera ilikaza jicho kwenye kitu kilicho nusu ya njia, bahari nyuma yake ikapita mbio, na mtazamaji akaihesabu mbio hiyo kuwa ya kitu. Jopo la wataalamu wa NASA lililotoa ripoti Septemba 2023 lilifuata kitu hicho kwa sekunde 22, likaondoa mwendo wa ndege, likakuta kimesogea kama mita 390. Hiyo ni wastani wa kilomita 64 kwa saa, mwendo wa kawaida wa upepo kwenye kimo kile. Wakaongeza jambo moja ninalolipenda: kitu kilikuwa baridi kuliko bahari iliyo nyuma yake, na hakuna dalili ya joto la injini. Novemba 2024 mkuu wa AARO, ofisi ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani inayoshughulikia matukio haya, Jon Kosloski, aliliambia Bunge la Seneti jambo lile lile kuhusu kimo.

Angalia lakini kwamba hakuna aliyesema kilikuwa nini. Inaweza kuwa puto, inaweza kuwa kitu kingine kinachobebwa na upepo. Hesabu imeondoa ajabu ya mwendo, haikutoa jina. Nasisitiza hili kwa sababu wapo wenye haraka ya kutamka “puto” na kufunga jalada, na wapo wenye haraka ya kutamka “wageni kutoka sayari nyingine”. Wote wawili wamepita mbele ya data.

Umesema kamera ile si ya simu. Ni kweli, lakini kila chombo kina tabia zake, na mchunguzi asiyezijua atadanganywa na chombo badala ya kudanganywa na jicho. Zipo picha za mabaharia wa Marekani zilizoonyesha pembetatu za kijani zikimulika usiku. Mei 2022 Scott Bray, aliyekuwa naibu mkuu wa ujasusi wa jeshi la majini, aliwaeleza wabunge kwamba umbo lile la pembetatu lilitokana na mwanga kupita kwenye kifaa cha kuonea usiku na kisha kurekodiwa na kamera ya picha. Vitu vilikuwepo, umbo likatengenezwa na lenzi.

Na rada, mzee, hii unaijua kuliko wasomaji wengi. Rada haikuonyeshi kila inachokipokea. Kuna vichujio vinavyotupa mwangwi wa ndege wa porini, wa mawingu, wa chochote kinachokwenda taratibu mno, la sivyo anayekaa kwenye skrini angelia. Februari 2023, baada ya puto la China kutunguliwa tarehe 4 nje ya South Carolina, wakuu wa ulinzi wa anga wa Marekani na Kanada walilegeza kichujio cha kasi ili vitu vya polepole vionekane. Matokeo yake, kati ya tarehe 10 na 12 vikatunguliwa vitu vingine vitatu, Alaska, Yukon na juu ya Ziwa Huron. Sidhani anga lilijaa ghafla wiki ile. Kilichobadilika ni kichujio. Ndiyo maana mchunguzi anayepokea taarifa ya rada anauliza pia mipangilio ya rada ilikuwaje saa ile, na akikosa jibu analiandika pengo hilo wazi kwenye jalada.

Hapo ndipo kuna kosa ambalo hata watu wa fani hulifanya. Ripoti ya ofisi kuu ya ujasusi ya Marekani ya Juni 2021 ilipitia taarifa 144, nyingi kutoka kwa marubani wa jeshi la majini, na 80 kati yake zilionekana kwa chombo zaidi ya kimoja. Msomaji anasema: basi, vyombo viwili haviwezi kukosea pamoja. Vinaweza. Kama rada ndiyo iliyoielekeza kamera mahali pa kutazama, na kamera ikakuta hapo kitu chochote chenye joto, ushahidi huo si wa mashahidi wawili. Wa pili amepelekwa na wa kwanza. Lazima uonyeshe kwamba vilipima kitu kile kile, mahali pale pale, kwa wakati ule ule. Na saa za vyombo mara nyingi hazilingani. Tofauti ya sekunde tano tu, kwa ndege ya mita 190 kwa sekunde, ni karibu kilomita nzima.

Katika zile 144, ni moja tu iliyotambuliwa kwa uhakika mkubwa: puto kubwa lililokuwa linaishiwa hewa. Waandishi wa habari waliandika “143 hazielezeki”. Mimi nilisoma tofauti: nyingi hazikuwa na data ya kutosha kuamua lolote. Wafaransa wana utaratibu mzuri hapa. Tangu 1977 shirika lao la anga za juu lina kitengo huko Toulouse, leo kinaitwa GEIPAN, na kila tukio hupewa herufi. A ni lililotambuliwa, B ni linaloelekea kutambuliwa, C ni lisiloamulika kwa sababu taarifa ni haba, na D ni lile lenye taarifa nzuri ambalo bado halijapata maelezo. Kuchanganya C na D ndiko kunakoleta kelele zote. Jeshi la anga la Marekani lilikusanya taarifa 12,618 katika mradi wa Blue Book uliofungwa 1969, na 701 zikabaki bila kutambuliwa. Ningependa sana kujua katika hizo 701 ngapi ni C.

D zipo, sitakuficha. Novemba 2004, nje ya kusini mwa California, David Fravor na wenzake katika ndege mbili za manowari ya Nimitz waliona kwa macho kitu cheupe, laini, kisicho na mabawa. Ni watu wanne, mchana kweupe, na Fravor ameeleza hayo kwa kiapo mbele ya Bunge Julai 2023. Video ya siku hiyo ilichukuliwa na ndege nyingine baadaye, na rekodi za rada za manowari Princeton hazijawekwa hadharani. Bila rekodi hizo hakuna umbali, na bila umbali hakuna anayeweza kuthibitisha kasi wala kuikanusha.

Naomba pia nikutajie Kapteni Thomas Mantell, kwa sababu kuna watu wanaona kazi hii ni ya kupoteza muda. Tarehe 7 Januari 1948, akiwa na miaka 25 na tayari yuko angani na ndege yake ya kivita aina ya Mustang, aliombwa afuate kitu kilichoonekana juu ya kituo cha Godman, Kentucky. Alipanda zaidi ya futi 20,000 bila hewa ya oksijeni, akazimia, ndege ikaanguka, akafa. Awali ilisemwa alikuwa akiifukuza sayari ya Zuhura. Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni puto la Skyhook, mradi wa jeshi la majini uliokuwa siri, kiasi kwamba waliochunguza hawakuwa na habari nao. Taifa moja, majeshi mawili, na mkono mmoja haukujua mwingine umerusha nini. Siri za namna hiyo zimeharibu uchunguzi mwingi. Kebehi nayo imechangia: rubani aliyeogopa kuitwa kichaa alinyamaza, au aliripoti baada ya mwezi mmoja, rekodi za rada zikiwa zimeshafutwa.

Sasa mtu wa kwetu aandike nini. Kwanza saa, kwa dakika, kutoka kwenye simu na si kwa kukumbuka. Mahali aliposimama. Upande wa dira, na kimo kutoka upeo wa macho: ngumi ya mkono ulionyooshwa ni kama digrii 10, kidole kidogo ni kama digrii 1. Aandike ukubwa kwa kidole hicho, asiandike “kikubwa kama basi”, maana hapo ameshakisia umbali bila kujua. Aandike kilianzia upande gani na kilipotelea wapi, na kama kilipita mbele ya mti, nyumba au wingu, kwa sababu wingu linaweza kutupa kikomo cha umbali. Akipiga picha, lazima ndani yake kuwe na kitu kisichosogea, paa au mlingoti, na asitume kwa WhatsApp peke yake kwa sababu inapunguza ubora. Faili halisi libaki kwenye simu.

Kisha tunaondoa yanayojulikana. Mstari wa taa zinazofuatana baada ya magharibi, mara nyingi ni satelaiti za Starlink zilizorushwa karibuni. Kwa taa kali isiyosogea upande wa magharibi jioni au mashariki alfajiri, ikaguliwe kwanza Zuhura. Kitu kinachong'aa juu sana wakati huku chini giza limeshaingia kinaweza kuwa puto ambalo bado linapigwa na jua. Wakenya mwaka 2020 walikuwa na maputo ya intaneti ya Loon kilomita 20 hivi juu yao. Baada ya hapo zinafuata ratiba za ndege na hali ya upepo kwenye kila kimo.

Na kama mlikuwa zaidi ya mmoja, kila mtu aandike karatasi yake kabla hamjazungumza. Kama mlisimama kilomita moja au zaidi mbali mbali, na kila mmoja ana saa na upande wa dira, nitumie karatasi zote mbili pamoja na ramani ya mlipokuwa. Kama kitu hakikuwa juu mno, mistari miwili inayokatana inanipa umbali, hata bila rada.