Kibonyezo kipi kwa anayerudia Morse?

SWALI: Nilikuwa ofisa wa redio melini mpaka Morse, ile ya kutuma herufi kwa nukta na mistari, ilipoachwa kwenye mawasiliano ya dharura mwaka 1999. Sasa nataka kurudi hewani kama mwanaredio wa ridhaa. Ninunue kibonyezo cha mkono nilichokizoea, au padeli, ile ya kubana pembeni kwa vidole viwili? – Msomaji, Tanga

JIBU: Shikamoo, mzee wetu. Anza na cha mkono. Mkono uliopiga Morse kazini hausahau upesi. Kitakachokusumbua ni sikio, na si vizuri kulinoa sikio huku vidole navyo vinajifunza kazi mpya. Padeli hutegemea saketi inayotunga nukta na mistari kwa urefu sawasawa. Ukichelewa kidogo kuachia, nukta moja inazidi na H (nukta nne) inageuka 5 (nukta tano). Kijana asiyewahi kupiga tungemshauri aanze na padeli moja kwa moja, na hata wewe, kama kifundo cha mkono kinauma.

Tafuta chenye kitako kizito. Chepesi hutembea mezani, nawe utakikimbiza kwa mkono wa pili. Ukikipata chepesi, kifunge kwa skrubu kwenye ubao na ubandike vipande vya tyubu ya baiskeli chini yake. Angalia pia kimo cha kirungu, yaani kitufe unachokishika: vya Kiingereza viko juu, kifundo kinaelea, vya Kimarekani viko chini, mkono mzima unalala mezani. Nunua cha mtindo uliofundishwa.

Kukirekebisha kuna mpangilio wake. Legeza springi kwanza. Kaza skrubu mbili za pembeni zinazoshika mhimili mpaka mkono wa kibonyezo ugome, kisha zirudishe kidogo kidogo hadi uchezeke juu na chini bila kuyumba kushoto wala kulia. Halafu weka mwanya: karatasi mbili za daftari zipite kati ya vigusio, zile ncha za chuma zinazogusana ukibonyeza. Springi iwe ya mwisho, na nguvu yake iwe ya kutosha tu kukirudisha kirungu juu bila kusita. Wengi huanza na springi, wakaikaza kuficha mwanya mpana, na baada ya robo saa mkono unachoka. Ikilegea mno, herufi zinagandana.

Pwani vigusio hushika ukungu upesi, na mstari mmoja husikika umekatika vipande. Usitumie msasa, utakwangua fedha iliyopakwa. Lowesha ukanda wa karatasi nyeupe kwa spiriti, ubane kati ya vigusio, uvute. Rudia mpaka utoke safi.

Kabla leseni haijatoka, fanyia mazoezi nyumbani kwa betri ya volti 9, baza inayolia yenyewe ikipata umeme, na kibonyezo, vyote vikiungwa kimoja baada ya kingine kwenye saketi moja. Kwa kasi ya maneno 12 kwa dakika nukta ni sehemu ya kumi ya sekunde, mstari ni mara tatu yake. Unaposikiliza, usipunguze kasi ya herufi zenyewe. Ziache kwenye maneno 18 na upanue nafasi kati yake, la sivyo utarudia kuhesabu nukta. Ukizoea kupita maneno 20, hapo ndipo padeli inalipa gharama yake.

SWALI: Nimechomeka kibonyezo cha mkono kwenye redio mpya. Nikibonyeza mara moja, nukta zinatoka mfululizo. Nimeuziwa kibovu? – Mombasa

JIBU: Kizima. Redio inadhani umechomeka padeli. Ingia kwenye menyu, chagua kibonyezo cha mkono. Plagi nayo iwe ya sehemu tatu: ncha ni nukta, pete ya kati ni mstari, shina ni ardhi. Waya mmoja wa kibonyezo uende kwenye ncha, wa pili kwenye shina, pete ibaki tupu. Ile ya sehemu mbili huunganisha pete na ardhi, na redio ikiwa bado kwenye padeli itapiga mistari bila kukoma mara tu unapochomeka.

SWALI: Zile J-38, vibonyezo vya mkono za jeshi la Marekani, zinafaa? – Dar es Salaam

JIBU: Zinafaa sana, kama hazijapasuka kitako. Kuna kiwiko kidogo cha chuma pembeni kinachofunga saketi, kiache wazi. Kikifungwa, redio inarusha mawimbi bila wewe kugusa kitu.