Winchi ya umeme kunasua trekta: peleka betri kwenye winchi

Mkuu, umesema trekta yako ya tani mbili na nusu imezama tope hadi kwenye ekseli, na winchi yako (mashine ya kuvuta kwa waya) ya volti 12 yenye uwezo wa kilo 4,300 ukiiunga kwenye betri ya trekta kwa nyaya za kubusti inavuta kidogo halafu inakata pumzi. Usikimbilie kununua winchi kubwa zaidi. Hiyo inatosha, inachokosa ni umeme.

Winchi ya ukubwa huo ikielemewa hula ampea 400 hivi. Alteneta ya trekta, yaani kifaa kinachozalisha umeme injini ikiwaka, haitoi hata robo yake, kwa hiyo mzigo wote unabebwa na betri. Nyaya za kubusti ndizo zinazoua kazi. Chukua nyaya za shaba zenye unene wa milimita 16 za mraba, urefu mita 5. Umeme unakwenda na kurudi, jumla mita 10, na kwa ampea 400 volti zaidi ya 4 zinaishia njiani. Mota inabaki na volti 8 au pungufu, na nyaya zinachemka mpaka plastiki inaanza kunuka.

Mimi hubeba betri kubwa ya lori, iliyochajiwa ikajaa, naiweka pembeni mwa winchi. Naiunga kwa nyaya fupi za milimita 50 za mraba, vichwa vimekazwa kwa nati. Vibanio sivitumii, maana hucheza na kutoa cheche. Navuta nusu dakika, naacha mota ipoe, naendelea.

Ongeza na kapi. Lifunge kwenye trekta, pitisha waya wa winchi, kisha urudishe ncha yake hadi kwenye nanga ileile iliyoshika winchi. Nguvu inakaribia kuwa maradufu, mwendo unapungua nusu, na ampea zinashuka sana. Tena waya mwingi unakuwa nje ya ngoma (silinda ya winchi unakozungushiwa waya), na winchi huvuta vizuri zaidi waya ukiwa umebaki safu ya kwanza. Usiumalize wote lakini; bakiza mizunguko mitano au zaidi.

Koleo lianze kabla ya yote hayo. Trekta iliyozama hivyo inaweza kudai mvuto sawa na uzito wake mzima. Chimba mbele ya tairi upande unakovutia, toa tope lililoshika ekseli, hewa na maji vipite chini. Ukiweza, itoe kinyumenyume ilikoingilia, kwa sababu ardhi ya huko ilishaibeba.

Sehemu ya kufungia iwe chini, pale panapofungwa tela, kamwe isiwe juu ya ekseli ya nyuma. Na usikubali mtu afunge gogo kwenye tairi za nyuma ili zilikwee: tairi zikigoma kuzunguka, pua ya trekta inanyanyuka na kupinduka kabla dereva hajafikia klachi. Hilo linaua watu.

Waya wa chuma ukishakaza, utandikie gunia zito au blanketi katikati, na watazamaji wote wasogee mbali kuliko urefu wa waya ulio nje.