Saa za ziada: gawa kwa 195

Umeuliza mwenye mshahara wa msingi wa 585,000 Tanzania alipwe vipi saa za ziada. Wiki ya kisheria ni saa 45. Zidisha kwa 4.333, yaani wastani wa wiki za mwezi mmoja, unapata saa 195 kwa mwezi. Hivyo saa moja ni 3,000, na ya ziada, mara 1.5, ni 4,500. Sikukuu mara mbili. Baadhi ya wahasibu wanagawa kwa siku 30 za saa 8, inatoka 2,437.50, na mtu anapunjwa mwezi hadi mwezi. Hiyo si haki kabisa.

Kwa kampuni: saa 130 za ziada zinakula 585,000, mshahara mzima wa mtu wa saa 195. Mafundi watatu wakizifikisha kwa jumla yao kila mwezi, ajiri wa nne.