Geuza picha kichwa chini kwanza

Watu wananiuliza sana, hivi we unajuaje rangi gani iende wapi kama huchori kitu? Maana anayechora twiga anajua shingo inaenda juu, sasa mi nachora abstrakti, hamna twiga wala shingo, najuaje? Jibu fupi ni kwamba sijui. Jibu refu ndo hili, na limenigharimu miaka kama tisa na turubai kibao ambazo mwisho wake zilienda kufunika kuni za mama uani.

Nilianza vibaya. Nilikuwa nasubiri hisia zije. Nimekaa kwenye kachumba kangu ka uani hapa Tabata, kanvasi nyeupe imesimama mbele, chai inapoa, muziki unapiga, nasubiri, na hisia zenyewe zikija zinakuja saa nane usiku umeme umekatika. Mwaka mzima nikatoa picha nne, na zote zimenyooka kama shuka la hospitali. Kilichonitoa hapo wala sio kipaji, ni ubahili tu. Tulikuwa tumepaka ukuta, emalshan ikabaki robo ndoo, nikasema hii itakauka bure, nikatandika amerikani chini nikaimwaga na nikaanza kuisambaza kwa mwiko wa fundi ujenzi, afu nikachota udongo mwekundu pale nje nikachanganya humo humo. Baada ya nusu saa nilikuwa na kitu kinanibishia. Hapo ndo nikaelewa kwamba juu ya weupe mtupu hamna cha kuhisi, mkono unataka mtu wa kubishana naye.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, chafua. Dakika kumi za mwanzo usitafute uzuri, tumia mkono usioandikia, tumia rola, kitambaa, kipande cha boksi, chochote ambacho hujakizoea, kwa sababu brashi uliyoizoea inakuletea picha uliyoizoea. Na kama mgongo unaruhusu weka chini sakafuni. Jackson Pollock kule Marekani alianza kumwagia rangi turubai zikiwa chini mwaka 1947 na watu wakaona maajabu, lakini ukijaribu mwenyewe unaona sababu ni ya kawaida tu, unaizunguka, kwa hiyo picha inakosa juu na chini na we unaacha kuitawala kutoka upande mmoja. Na usiniambie huna hela ya rangi za dukani za wasanii. Edward Tingatinga alianza 1968 hapa hapa Dar na rangi za baiskeli juu ya hardibodi. Ila chunga kitu kimoja ambacho mi kilinitia hasara, rangi ya mafuta juu ya rangi ya maji inakaa, rangi ya maji juu ya ya mafuta itakuja kubanduka tu, na emalshan ukiipiga nene sana inapasuka kama tope la bwawa lililokauka.

Baada ya kuchafua, kaa chini uangalie, na hapa ndo kazi yenyewe ilipo, sio kule kwenye kurusha rangi. Watu wanadhani kuchora kwa hisia ni kutofikiri. Mi nafikiri sana, ila nafikiri baada ya mkono, sio kabla. Na sijiulizi kipi kizuri, najiuliza kipi kinanikera. Ile kona ya bluu mbona tamu hivyo? Ule mstari mbona unanyoosha kidole? Najibu hilo moja, nakaa tena. Kitu kigumu kuliko vyote ni ile sehemu uliyoipenda, maana ukishaipenda unaanza kuogopa kuigusa, na picha nzima inabaki kuizunguka kama wajukuu wanavyomzunguka bibi mwenye peremende. Ifute. Inauma, najua, nimeshawahi kuahirisha siku tatu kufuta kipande cha rangi ya embe kisichozidi kiganja, na nilipokifuta picha ikapumua siku hiyo hiyo.

Ukishindwa kuona kinachokera, igeuze kichwa chini, au iegemeze ubavu. Kandinsky, mchoraji Mrusi wa abstrakti, amesimulia mwenyewe kwamba jioni moja kule Munich, Ujerumani, alirudi nyumbani giza linaingia akakuta picha nzuri ajabu asiyoijua, kumbe ni yake mwenyewe imeegeshwa ubavu. Macho yanachoka kama miguu, ukiyageuzia picha yanaanza upya.

Sasa kuhusu kuchora nje. Mara ya kwanza nilienda Kunduchi nimejibebesha kila kitu, stendi, kanvasi kubwa, rangi za akriliki, mwavuli. Ilikuwa msimu wa kusi, upepo ukachukua mwavuli, mchanga ukalala juu ya rangi, rangi nayo ikawa inakauka kwenye sahani kabla hata sijaichota, na watoto wamenizunguka wananitajia vitu vya kuchora. Mzee mmoja wa pale akaniuliza kwa upole kabisa, "Kijana, bahari si hiyo hapo, mbona huioni?" Sikuwa na jibu.

Sikuhizi naenda na daftari dogo, mkaa na krayoni tatu basi. Asubuhi mapema, saa tatu kasorobo naondoka. Na sichori ngalawa. Nakaa karibu na mafundi wanaokwangua vyombo, pale ndo shule, unaona bluu inatoka, chini yake kijani ya mwenye chombo wa zamani, chini yake nyekundu, halafu mbao nyeusi imelewa sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka vyombo, miaka na miaka. Ile sauti ya nyundo ya kukalafati, yaani kuziba nyufa za chombo, tak tak, kimya, tak, naiandika kwa vistari tu. Siku za bamvua maji yakipwa yanaenda mbali kweli, na yanaacha mistari mchangani, mmoja juu ya mwingine, hakuna unaofanana. Kurasa zangu ukiziona utadhani mtoto kaachiwa kalamu. Picha za simu nimeacha kupiga, kwa sababu nikizipiga nikifika nyumbani nanakili, na mkono ukishaanza kunakili unanyamaza.

Daftari lenyewe nikirudi silifungui. Nakaa siku mbili tatu, naingia studio, nachafua kama kawaida, na kilichobaki mwilini kinatoka chenyewe. Kukwangua nimetolea pale pale, napaka tabaka nne tano, kila moja naiacha ikauke, afu napiga msasa na skrepa mpaka za chini zichungulie. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia "hii ni ngalawa", ila jamaa mmoja wa pwani aliwahi kusimama mbele ya moja akasema inanuka papa. Nililala vizuri siku ile.

Kama huna nafasi wala kanvasi kubwa, mfikirie Ibrahim El-Salahi wa Sudan. Mwaka 1975 aliwekwa ndani Khartoum miezi sita bila kesi, akawa anachora kwa siri kwenye vijikaratasi na kuvifukia mchangani. Baadaye alichora picha kubwa kwa kuunganisha vipande, anaanza na kimoja, kikikataa kuisha anaongeza kingine pembeni, ile yake ya 1984 na 1985 ina vipande tisa. Mi hii nimeiiga na karatasi za manila na inanifaa sana, kwa sababu hujui picha itakuwa na ukubwa gani, kwa hiyo huwezi kuipangia.

Kuhusu lini imeisha, hapo mi bado nabahatisha. Naigeuza ukutani wiki nzima. Nikiigeuza tena na hamna kinachokera, naisaini. Juzi kuna moja ilikuwa siku ya tano imeangalia ukuta, mama akaja kuchukua ndoo, akaigeuza bila kuniuliza, akaiangalia huku kashika kiuno, akasema "hii bado, mwanangu, hapa chini panahema peke yake", akaenda zake na ndoo. Nimepaangalia mpaka leo, na kweli panahema. Nina mwiko hapa na emalshan kidogo, ngoja nikatafute udongo.