Mama mkwe anataka nijifunge mto tumboni, na mtoto tuliyeonyeshwa ana miaka miwili

Hujambo Shangazi? Nina miaka 38, mume wangu ana 43, na tumekaa kwenye ndoa miaka kumi na mmoja bila mtoto. Mwaka jana tuliamua kuasili. Shirika limeshatupitisha, na juzi tuliitwa kwenye makao ya watoto tukaonyeshwa mvulana wa miaka miwili na nusu. Mimi nilimpenda. Mume wangu anasema ni mkubwa mno, afadhali tungoje kichanga. Kumbe hayo ni maneno ya mama yake. Anataka nikakae kwa dada yangu Eldoret miezi kadhaa, nijifunge mto tumboni, kisha nirudi na mtoto mchanga kijiji kizima kisijue lolote. Kwetu mvulana wa kwanza huitwa jina la babu mzaa baba, naye anasema jina la mzee haliwezi kupewa mtoto wa kuokotwa. Tena kuna muuguzi aliyemwambia anaweza kutupatia kichanga "bila kusumbuana na mahakama." Nijiandae vipi? – Asiyejua la Kufanya, Nakuru.

Mwanangu, nianze na huyo muuguzi, kwa sababu lake haliwezi kungoja. Hapana. Kichanga anayepatikana kwa mlango wa nyuma ni mtoto aliyeuzwa, na huenda kuna mama mahali aliyeibiwa, au aliyedanganywa kwamba mwanawe alikufa. Sheria ya kupambana na ulanguzi wa binadamu ya mwaka 2010 haichezi na watu wa biashara hiyo, na mnunuzi hasazwi. Mwambieni afisa wa watoto anayeshughulikia ombi lenu, au pigeni 116, simu ya watoto isiyolipishwa. Najua mama mkwe ndiye aliyezungumza naye. Hilo lisiwazuie.

Sasa mto. Hebu hesabu watakaojua: wewe, mumeo, mama yake, dada yako na mumewe, jirani wa Eldoret atakayekuona ukianika nguo bila tumbo, na daktari wako wa miaka yote. Siri ya mtungi muulize kata, na hapa kata zimekuwa nyingi mno. Haitafichuka mwaka huu. Itafichuka mvulana akiwa na miaka kumi na minne, siku watu wanagombania mpaka wa shamba, ami mmoja akakasirika na kusema, "Na wewe nyamaza, hata si wa hapa." Watu wazima walioasiliwa na kuambiwa wakiwa wamechelewa hurudia jambo moja: kuasiliwa hakukuwauma sana, kilichowauma ni kwamba kila mtu alijua isipokuwa wao.

Kwa hiyo anza kumwambia wiki ya kwanza, unapomwogesha au unapompaka mafuta. "Ulizaliwa na mama mwingine. Mimi na baba tulikuja kukuchukua, na sasa sisi ndio wazazi wako." Hataelewa, na haidhuru. Unamwambia mapema ili ulimi wako uzoee, usije ukatetemeka siku atakapouliza kwa akili zake. Ila angalia: kwamba aliasiliwa, dunia nzima inaweza kujua. Aliokotwa wapi, aliachwaje, mama aliyemzaa alikuwa na shida gani, hayo ni mali yake yeye. Usimpe mama mkwe, usimpe mchungaji, usiyamwage kwenye chama siku ya kuchanga pesa. Watakuuliza, tena kwa upole kabisa. Jibu ni, "Akikua atawaeleza mwenyewe akipenda."

Kuhusu mumeo, sidhani kila neno lake ni la mama yake. Mwanamume wa miaka 43 aliyengoja miaka yote hiyo naye ana msiba wake, na kwetu wanaume hawawekewi matanga ya mtoto ambaye hakuzaliwa. Kaeni wawili, simu zizimwe, umuulize: anataka kichanga, au anataka watu wasijue? Kama ni kichanga kweli, ana haki ya kuliambia shirika, na mtaendelea kungoja. Kama ni watu, basi hata kichanga hatamtibu.

Na huyo mvulana? Hapo ndipo maandalizi yenyewe yalipo, na naona hakuna aliyewaambia. Mtoto wa makao amelelewa na wahudumu wanaopokezana zamu. Huenda siku ya kwanza akakukimbilia akikuita mama, nawe ukalia kwa furaha. Lia, lakini ujue kwamba anaita hivyo kila mwanamke anayeingia getini. Kazi yako ni kumfundisha taratibu kwamba mama ni mmoja na haishi zamu. Wiki za mwanzo, kulisha, kuogesha na kulaza kufanywe na nyinyi wawili tu. Jamaa watakuja kumwona, na desturi yetu ni mtoto kupitishwa mkono kwa mkono sebule nzima. Waje, wanywe chai, wasimbebe. Kina mama wa kanisa watanuna. Watazoea.

Utakuta kipande cha mkate chini ya godoro. Usimpige, usimcheke, weka ndizi mahali anapofikia, na siku akiamini kwamba kesho pia kuna chakula ataacha kuficha. Anaweza kuanguka, akachubuka goti, asilie. Huo si ushujaa. Aliwahi kulia na mikono ilikuwa michache, akajifunza kunyamaza, kwa hiyo mkimbilie hata kama hajakuita. Usimpe chumba chake kizuri mlichopaka rangi, maana amezoea kulala kati ya pumzi za watoto wenzake. Kitanda chake kikae chumbani mwenu. Na mumeo asivunjike moyo mtoto akimwogopa: kwenye makao mengi wahudumu ni wanawake watupu, na sauti nzito ni kitu kigeni. Aketi sakafuni na gari la kuchezea, asimwite, angoje.

Kisha, akishatulia, ndipo atakapoanza vurugu. Atatupa sahani, atakuuma. Mara nyingi hiyo ni dalili kwamba ameanza kuamini hutamrudisha. Mama mkwe atasema ni damu. Wajukuu wake wengine wakitupa sahani huitwa watundu. Sijui kwa nini huyu mmoja awe na damu.

Mkwe wako simchukii, lakini. Jina la mzee wake marehemu au aliye hai ni jambo kubwa, na kumpuuza itakuwa kosa. Mtoto ana jina analoitikia. Msimnyang'anye, maana ni karibu kitu pekee anachokuja nacho. Liongezeeni la babu, na mumuombe mama mwenyewe alitamke siku ya kumpokea. Anayetoa jina ni vigumu baadaye kumwita mtoto wa kuokotwa. Akikataa, mumeo amwambie, si wewe, kwamba mahakama ikishatoa amri ya uasili mtoto huyu kisheria ni sawa na mliyemzaa katika ndoa, na urithi umo humo humo. Akisikia la urithi, tarajieni mkutano wa ukoo.

Mambo ya karatasi sitayarefusha, shirika litawaongoza. Mtoto atakaa nanyi angalau miezi mitatu mfululizo kabla ya kesi kuwasilishwa, na maafisa watatembelea nyumba. Hawaji kukagua mapazia. Lakini hili la kazini wengi hawalijui: tangu 2021 sheria ya ajira inampa mwajiriwa anayepokea mtoto wa kuasili likizo ya mwezi mmoja yenye malipo kamili, kuanzia siku anapokabidhiwa. Mwajiri aarifiwe kwa maandishi angalau siku 14 kabla. Mumeo naye ni mwombaji. Kama ameajiriwa, aandike yake.

Mkirudi makao, msipeleke peremende. Pelekeni daftari. Ulizeni analala saa ngapi, anaimbiwa wimbo gani, anaogopa nini, amewahi kuugua nini, mhudumu yupi anampenda zaidi. Ombeni blanketi lake, na msilifue siku za mwanzo, harufu yake ni kwao. Na ulizeni kama ana ndugu wa tumbo moja humo au kwingine. Wakisema yupo, niandikie tena kabla hamjajibu lolote.