Kabla hujachomoa pini ya rota

Juzi niliingia chumba cha CT, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa eksirei, nikamkuta fundi wetu mmoja kijana ameshafungua kava la mbele, mkono uko kwenye pini ya kufungia rota, lile duara zito linalozunguka ndani ya mashine, na spana namba 17 imelala pale juu kwenye ukingo wa rota. Nilipiga ukelele mpaka nesi akatoka ofisini kwake. Kijana akashtuka, akasema, "Kaka, nilikuwa nageuza kwa mkono tu." Ndivyo tulivyosema sote. Wadogo zangu, kompyuta mnaijua kuliko mimi, na namba za hitilafu mnazisoma kama ujumbe wa simu. Gantri, ule mwili wa mashine wenye tundu la mgonjwa na rota ndani yake, ndiyo hamuiogopi inavyostahili, na kwa kuwa sitaki mjifunze kwa njia niliyojifunza mimi, nimeandika haya.

1. Acheni kutajiana saa. Kitabu cha mashine kikisema tyubu, ile inayotoa eksirei, iwe "12 o'clock", maana yake iko juu kabisa. Ukimwambia mwenzako kwa Kiswahili "iweke saa kumi na mbili", mshale wa saa yake unaonyesha chini, naye ataipeleka chini. Nimewaona watu wawili wenye akili zao wakibishana nusu saa kwa sababu hiyo, cheni bloku ya kunyanyulia ikining'inia hewani. Sema juu, chini, kulia, kushoto, tena kulia kwa anayetazama kutoka upande wa meza.

2. Kabla ya kufungua, hesabu vifaa na uandike. Kabla ya kufunga, hesabu tena. Simu ibaki nje ya chumba.

3. Ijue nguvu unayoshughulika nayo. Mgonjwa wa kwanza wa CT alipigwa picha London, hospitali ya Atkinson Morley, tarehe 1 Oktoba 1971. Mashine ile ilikuwa ikisogea polepole, dakika kadhaa kwa kila picha, kwa hiyo bolti zake hazikuwa na shida kubwa. Hata baadaye, rota zilipoanza kuzunguka kwa kasi, nyaya ziliibana: inazunguka, inasimama, inarudi ilikotoka. Slipringi, yaani pete zinazopitisha umeme kwenye rota bila nyaya kuifunga, zilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1980, rota ikawa huru kuzunguka bila kukoma, na kazi yetu ikabadilika. Piga hesabu mwenyewe. Kitu kilicho sentimita 60 kutoka katikati, rota ikizunguka mara moja kwa nusu sekunde, kinavutwa nje kwa karibu mara kumi ya uzito wake. Tyubu ya kilo 50 inazivuta bolti zake kama mzigo wa nusu tani. Ukipunguza muda uwe robo sekunde, nguvu haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Huo ni mzigo wa karibu tani mbili, na mgonjwa amelala katikati ya tundu la sentimita 70.

4. Bolti. Hapa nitakaa kidogo.

Nilikuwa mwaka wa pili kazini. Hospitali ilikuwa ya mkoa, CT ni hiyo hiyo moja. Tulibadilisha tyubu tangu asubuhi, na kufika saa mbili usiku kilichobaki kilikuwa vyuma viwili vya balansi, vya kusawazisha uzito wa rota, kila kimoja kama kilo tatu, bolti mbili mbili. Cha kwanza nilikimaliza. Cha pili, bolti ya kwanza niliikaza kwa torki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, mpaka ikalia tak. Bolti ya pili niliiingiza kwa vidole, nikaifikisha mwisho, na simu ikaita. Bosi anauliza mashine itawaka saa ngapi. Nilitoka kuzungumza naye, na pale mlangoni alikuwepo mzee juu ya machela, ameanguka kutoka kwenye mwembe, kichwa kimefungwa bendeji. Binti yake amesimama pembeni amejifunga khanga, haketi. Nikamwambia bosi nusu saa. Nikarudi ndani, nikatazama rota, vyuma vyote viko mahali pake, nikafunga kava.

Niliizungusha kwa mkono mara tatu, safi. Niliiendesha mzunguko mmoja kwa sekunde moja, safi. Nilipoipeleka nusu sekunde ikatulia vizuri, nikaanza hata kukusanya vifaa. Haikufika dakika, nikasikia ta-ta-ta-ta, halafu mlio kama sufuria imeangushwa kwenye sakafu ya saruji. Nikabonyeza kitufe cha dharura. Rota yenye mamia ya kilo haisimami pale pale ulipobonyeza. Sekunde zile nilizisimamia nikiwa nimeshika kichwa.

Tulipofungua, bolti ilikuwa imetoka, ikaingia kwenye kishikizo cha kaboni brashi, zile zinazogusa slipringi kupitisha umeme, ikakivunja na kuichana slipringi mstari mrefu. Kile chuma kilikuwa kinaning'inia kwa bolti moja, na ndani ya kava la mbele kulikuwa na mfereji kama umechimbwa kwa patasi. Fantomu, kifaa cha majaribio kinachowekwa badala ya mgonjwa, ndiyo iliyokuwa mezani, namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo. Nilipotoka nje, yule binti akaniuliza, "Fundi, imepona?" Nikamwambia bado. Mzee aliondoka na ambulansi usiku ule ule, saa nne za barabara hadi kwenye CT nyingine. Sikupata kujua alifikaje. Slipringi ilitoka ng'ambo, na mkoa ule ulikaa wiki saba bila CT.

Kwenye ripoti niliandika, "Bolti ililegea." Mkuu wangu wa kazi akaisoma, akaweka kidole kwenye neno lile, akaniuliza bila kupandisha sauti: "Ililegea, au haikukazwa?" Nilichukua karatasi nyingine nikaandika upya mbele yake.

Basi elewa ilivyotokea. Bolti iliyokazwa sawasawa inavutika kidogo sana kama springi, na mvutano huo ndio unaobana chuma dhidi ya rota kisisogee. Isipokazwa, haina mvutano. Tena gantri imesimama wima, kwa hiyo katika kila mzunguko uzito unakisukuma chuma kile upande huu, halafu upande ule, mara mbili kwa sekunde. Kinachezacheza, na bolti inajifungua yenyewe. Kwa mkono huwezi kuliona hilo, wala kwa mwendo mdogo.

Ikilia tak, piga mstari wa rangi hapo hapo, uanzie kwenye kichwa cha bolti uishie kwenye chuma. Ukikatizwa, anza tena na bolti ya kwanza ya kundi lile, hata kama unakumbuka. Bolti ambazo kitabu kinasema zisirudiwe, usirudie.

5. Balansi ifanyike kila tyubu ikibadilishwa, hata kama mpya ni modeli ile ile. Kwa mafundi wa tairi virisasi hubandikwa kwenye rimu pande zote mbili, na huku vilevile, mbele na nyuma. Ukiruka kazi hiyo, beringi yenye kipenyo cha zaidi ya mita ndiyo itakayolipa.

6. Vumbi la kaboni livute kwa vakyumu, usilipulize. Linapitisha umeme, na ukilipuliza linaenda kukaa kwenye bodi za ditekta, vipokezi vya eksirei.

7. Tyubu ikishatoka, rota ni nzito upande mmoja. Pini ikichomolewa wakati huo, upande mzito unashuka wenyewe, na mkono wako hautazuia kitu. Yule kijana wa juzi tyubu ilikuwa bado iko mahali pake. Leo jioni nitampa renchi, nitamwachia chuma cha kilo tatu mezani akishike, akipime mkononi, halafu tutapiga hesabu ya mara kumi pamoja.