Jibu: Kwa nini kengele ya gesi inalia ukipuliza pafyumu

Mkuu, umeuliza kwa nini kengele ya gesi jikoni inapiga kelele ukipuliza pafyumu wakati pua yako inajua wazi kuwa hakuna gesi. Si lazima iwe mbovu. Nyingi za bei nafuu zina kihisi cha oksidi ya bati, kinachopashwa moto na waya mdogo ndani yake. Kwenye hewa safi, oksijeni inajishika juu ya oksidi hiyo na kuzuia elektroni zake (chembe ndogo zinazobeba umeme), hivyo umeme unapita kwa shida. Ikifika gesi ya kupikia, inaungana na ile oksijeni, elektroni zinaachiwa, ukinzani (ugumu wa umeme kupita) unashuka, kengele inalia. Spiriti iliyomo kwenye pafyumu inafanya vilevile! Kihisi kimoja peke yake hakiwezi kujua ni mvuke upi.

Pua ina aina karibu 400 za vipokezi vya harufu. Harufu moja huamsha kadhaa kwa pamoja, na ubongo unasoma mchanganyiko wake. Hilo ndilo waliloiga watafiti Krishna Persaud na George Dodd wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, mwaka 1982: walitumia vihisi vitatu, kisha wakalinganisha majibu yake ili kutofautisha harufu. Kwangu mimi huo ndio uigaji hasa wa pua, kuliko kifaa chako.

Ila usiizime, tafadhali. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo kengele iweke chini karibu na sakafu, na pafyumu upulizie chumbani.